Ndoyi wa Kiti Kidogo

Jumamosi ile, kiti kiliponunuliwa, walikuwapo watu watano. Glodie mwenyewe. Binti yake Colette, wa miaka minne. Mama Émilienne, muuzaji wa vitu vya zamani. Mzee Barnabé, baba yake Émilienne, ambaye miaka ilikuwa imemla mpaka akabaki sauti na fimbo. Na Papy, mwenye pusipusi, mkokoteni wa kubebea mizigo.

Kama kulikuwa na wa sita, hakuna aliyemsalimia.

Jua lilikuwa linashuka. Glodie na mumewe Jean-Luc walikuwa wamemaliza kujenga nyumba yao ndogo kule mtaa wa Kikula, na Jean-Luc akarudi machimboni, kwa hiyo kazi ya kuipamba ilibaki kwa mke. Vitu vya plastiki vya sokoni havikumvutia. Alipenda kitu kilichokwisha kushikwa na mikono mingi. Aliona kina upole. Tayari alikuwa na picha ya mukuba ya kutundika, shaba iliyogongwa kwa nyundo, na taa ya zamani aliyoitia maua.

Uani kwa Émilienne, nyuma ya masanduku, ndipo alipokiona. Kiti kidogo cha kubembea, cha mbao nyekundu, kimo cha mtoto.

"Mama Émilienne, hii nayo iko ya kuuzisha?"

Émilienne akacheka. "Ma Glo, macho yako inaona tu ile yenye minaficha! Beba. Bwana yako akirudia, atasema ameingia kwa musée, kwa nyumba ya vitu vya zamani."

Pale barazani Mzee Barnabé akagonga fimbo chini.

"Mama..." alinong'ona. "Ile kiti, mutoto aikalie tu. Lakini musiisalimie."

"Kusalimia kiti, tata?"

"Muache," alisema Émilienne. "Papa anazeeka. Jana alisalimia mbuzi, akauliza habari ya bibi yake."

Wakacheka wote, isipokuwa mzee.

Émilienne akamjazia mtoto karanga za kukaanga mkononi. Papy akavua koti lake mwenyewe, akakifunika kiti kisichubuke njiani. Glodie aliyaona hayo yote, akayaweka moyoni, maana wema mdogo hakuuacha upite bure.

Walipofika kwenye mwinuko, Papy alisimama. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mama, mutoto ashuke. Pusipusi inalemea."

"Mutoto iko hapa, Papy. Namushika mukono."

Papy akageuka. Akamtazama Colette aliyesimama pembeni ya mama yake. Kisha akautazama mzigo chini ya koti.

Akasukuma mpaka Kikula bila kugeuka tena.

Nyumbani Glodie alikilaza kiti ubavu, akakisugua kwa sabuni. Chini ya kikalio vidole vyake vikapita juu ya mikwaruzo. Herufi, zilizochongwa kwa msumari.

COLETTE.

Huku kwetu wenye jina moja si watu baki. Ni ndoyi. Ndoyi akikupa zawadi, unamrudishia. Ndoyi akikuita, unaenda. Kwa hiyo Glodie alifurahi kama amepata ndugu.

"Colette, kuya uone! Iko na ndoyi yako huku! Salimia ndoyi."

Mtoto akainama mpaka midomo ikagusa mbao.

"Jambo, ndoyi."

Kiti kikatikisika.

Upepo, Glodie aliwaza. Lakini nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia...

Jumatatu jioni alimkuta Colette ana utepe mweupe kichwani. Ulikuwa unanuka maziwa yaliyoungua.

"Nani amekupa?"

"Ndoyi."

Glodie alidhani ni wasichana wa jirani wanacheza. Akawashukuru kimoyomoyo.

Alhamisi, jua likizama, Colette alikuja jikoni akichechemea. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa ndani ya kiatu cheupe cha ngozi, kigumu kama samaki mkavu. Vifungo vyake vilikuwa vimeota kutu.

"Kandambili zako ziko wapi?"

"Nilimupa ndoyi. Yeye amenipa, na minye nikamupa."

"Na kiatu ya pili?"

"Iko kwake. Amesema tunaenda kuichukua."

Glodie alipiga magoti. "Kwake ni wapi, mama yangu?"

Colette akanyoosha kidole.

Chini. Kwenye sakafu.

Glodie hakungoja zaidi. Alikivua kile kiatu, akakitupa nje. Akakibeba kiti kwa mikono miwili, akakiweka mbali, karibu na ukuta wa ua. Kesho asubuhi kingerudi kwa mwenyewe. Akafunga mlango wa mbele, akarudi jikoni kuinamia sufuria ya bukari, ugali wa jioni.

Umeme ukakatika.

Kuk... kuk... kuk...

Mbao juu ya saruji. Ndani ya nyumba.

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa jikoni. Halafu sauti, ndogo, ya adabu:

"Colette..."

"Niko nakuya," alijibu binti yake kutoka sebuleni.

Glodie alikimbia. Kwa mwanga hafifu wa dirishani akamwona mtoto kwenye kiti, macho yamefumba, kiatu cheupe mguuni. Alimshika kwapani akamvuta. Hakutoka. Alikuwa mzito kama gunia la mawe ya mgodini, na baridi. Miguu ya kiti ilikuwa imezama ndani ya sakafu aliyoing'arisha kwa rangi nyekundu, kana kwamba saruji imekuwa tope.

"Colette!"

"Mama?"

"Mama?"

Sauti mbili.

Moja ilitoka kinywani mwa mtoto. Ya pili ilitoka chini.

"Mutoto yangu! Amuka!"

"Mama?"

"Mama?"

Na ile ya chini ndiyo iliyokuwa na furaha zaidi. Mungu amsamehe Glodie: moyo wake ulivutwa hata na ile. Alitaka kuijibu. Alifungua mdomo... na kiti kikazama tena, kidogo.

Ndipo akaelewa. Kila alipoita, aliwaita wawili.

Kulikuwa na jina jingine. Mtoto alipozaliwa, Glodie alimnong'oneza jina hilo siku tatu kitandani, kabla mama mkwe hajaja kumpa mjukuu jina lake mwenyewe, Colette. Tangu hapo halikutajwa. Aliweka midomo kwenye sikio la binti yake.

"Carmel. Carmel, kuya kwa mama."

Akambana kifuani, akaita tena.

"Carmel..."

"Mama?"

Sauti moja.

Mtoto akanyanyuka mwepesi kama kitambaa. Glodie akamkumbatia, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango. Akakisikia kiti kikiibuka sakafuni na kubembea peke yake gizani, polepole.

"Na minye?" iliuliza ile sauti. "Na minye, mama?"

Kulipokucha Papy alikirudisha kiti, akakataa malipo. Mzee Barnabé aliomba akisogezewe, akakipapasa kwa vidole vyake vikavu, kama mtu anayepapasa kichwa.

"Nilikuwa kijana wa kazi kwa nyumba ya Bazungu," alisema. "Minye njo nilikuwa namubembeleza mutoto yabo, ule Colette. Homa ikamukamata. Bazungu balirudia kwabo haraka haraka, miaka ya uhuru. Yeye akabakia."

"Akabakia wapi, tata?"

Mzee akagonga fimbo chini, mara moja.

"Haiko mubaya," alisema. "Anatafuta tu muntu wa kumuitikia. Mama... we ulimuitikia?"

"Hapana."

"Hata kwa roho?"

Glodie aliangalia chini.

"Inatosha, papa," alisema Émilienne kwa sauti ndogo. Akamletea Glodie kiti kingine akalie, na maji ya kunywa.

Jean-Luc aliporudi alipasua sakafu ya sebule kwa sururu mpaka udongo mwekundu. Hakupata kitu. Wala kandambili hazikuonekana. Wakamimina saruji mpya. Jioni nyingine, mtoto akiita "Mama?" kutoka chumbani, Glodie haitikii. Huacha kazi aliyonayo, huenda mpaka auone uso wake, ndipo anapojibu.

Mwezi wa tisa, shule zilipofunguliwa, mtoto aliandikishwa kwa jina la Carmel.