Bibi Harusi wa Dirishani

Mwizi alikuwa amechukua kitu kimoja tu, na kwa maoni ya mwenye mali, alikuwa amechukua kitu cha kijinga.

Inspekta Karwirwa alisimama kwenye mlango wa studio ya Njiru ya video za harusi, mjini Embu, akaitazama meza iliyokuwa karibu na dirisha. Kibodi ilikuwepo. Spika mbili zilikuwepo. Kamera ya video, ambayo mtu angeweza kuibeba kwa mkono mmoja na kuiuza kabla ya jioni, ilikuwa imelala kwenye mkoba wake wazi. Katikati ya meza palikuwa na mraba safi usio na vumbi.

"Kompyuta imeibwa," alisema Konstebo Runji, akivuta kalamu.

"Kompyuta haijaibwa," alisema Njiru. Alikuwa mtu mnene mwenye hasira za haraka, na hasira hizo sasa zilikuwa zimempanda hadi masikioni. "Kompyuta ni hili sanduku hapa chini. Kilichoibwa ni kioo. Ile monita."

"Kwa hiyo kompyuta ipo," alisema Karwirwa.

"Ipo."

"Na inafanya kazi?"

"Inafanya sana."

"Hebu iwashe."

Njiru alibonyeza kitufe. Sanduku lilinguruma, likalia mara moja, likaendelea kunguruma. Wote watatu wakalitazama.

"Sasa inafanya nini?" aliuliza Karwirwa.

"Sijui, madam. Sioni."

Karwirwa alikuwa amezaliwa Igoji, huko Meru, na tangu aingie upelelezi alikuwa amewanasa wezi wa ng'ombe, wa kahawa, hata mmoja aliyeiba kengele ya kanisa. Wizi wa aina hiyo aliuelewa. Ng'ombe haibiwi kichwa akaachwa mwili. Hapa hakuelewa hata pa kuanzia, na jambo hilo lilimuudhi.

Kufuli ilikuwa inaning'inia kwenye komeo, haina hata mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Njiru, nyingine ya Antony, fundi kijana aliyeinunua mashine hiyo ya kompyuta Nairobi kipande kwa kipande na kuipanga mwenyewe. Mwaka huo wa 1998 studio nyingine za Embu zilikuwa bado zinaunganisha kanda kwa deki mbili za video. Njiru alikuwa amekwenda benki saa ya lanchi. Antony ndiye aliyebaki kufunga.

"Nilifunga," Antony alisema kituoni. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Halafu?"

"Nikaenda kula."

"Wapi?"

"Ile hoteli ya karibu na soko."

"Ulikula nini?"

"Githeri."

Karwirwa alimtazama Runji. Runji alikuwa ametoka huko huko.

"Leo hawakuuza githeri," alisema Runji. "Jiko lilizimika. Mama anayewaletea kuni hakufika."

Antony aliinamisha kichwa. Hiyo ilitosha kumlaza seli. OCS, mkuu wa kituo, ambaye hakupenda kesi zenye nyaya, aliagiza apelekwe kortini Jumatatu.

Jioni hiyo mkewe Antony, Gladys, alifika na chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakulia. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kulia njiani.

"Madam, Antony hana shamba. Ana mikono tu. Watu wanampatia mashine zao azifungue kwa sababu wanamwamini. Akisimama kortini Jumatatu, hata kama atatoka, nani atampatia nyingine?"

Karwirwa alilipokea bakuli. Alikuwa na mshukiwa, alikuwa na uongo, alikuwa na ufunguo. Bado kichwa chake kilikuwa kimevurugika kama uzi uliochezewa na paka. Asubuhi ya Ijumaa alimtoa Antony seli, akampa chai.

"Niambie ukweli. Hukula githeri."

"Sikula kitu, madam. Nilikuwa kwa Kithaka."

"Kithaka wa studio nyingine? Adui wa Njiru?"

"Huyo. Naye amenunua mashine. Nilikuwa namwekea. Njiru akijua ananifuta kazi, ndiyo maana nilidanganya."

"Na ukampelekea monita ya Njiru."

Kwa mara ya kwanza Antony alicheka, kicheko kidogo cha uchovu.

"Nimpelekee ya nini? Kithaka ana monita. Kama ningeiba, ningefungua sanduku nichukue kadi. Kamera inaingilia kwa hiyo kadi. Bila hiyo kadi, hiyo mashine ni taipu ya kupigia barua tu. Ama ningechukua diski. Nilimwekea Njiru diski mbili: ndogo ya programu, kubwa ya video peke yake. Ukichanganya hivyo vitu kwa diski moja, picha inaruka ruka. Hizo ndizo mali. Kioo ni cha kutazamia."

"Na kufuli?"

"Nilikuwa na haraka." Aliitazama chai yake. "Niliining'iniza. Sikuibana."

Karwirwa alihisi ukungu ukisogea kidogo. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, na yeyote huyo hakujua kompyuta ni nini.

"Kama sisi," alisema Runji.

"Kama sisi. Wewe Runji, ungeingia mle, ungechukua nini?"

Runji alifikiri kwa uaminifu. "Ile yenye picha, madam."

Karwirwa aliweka kikombe chini. "Antony. Kwenye kioo kulikuwa na picha gani?"

"Bibi harusi."

"Bibi harusi gani?"

"Anaitwa Wambeti. Alikuwa anaitwa. Ile harusi ni ya mwaka jana. Bwana alilipa yote, hakurudi kuchukua kanda. Baadaye tukasikia bibi alikufa akijifungua. Njiru aliiacha ikicheza hapo dirishani siku nzima, ivute wateja. Na hata haikuwa imekamilika. Ilinisumbua kuikata."

"Kwa nini?"

"Hatazami kamera, madam. Kila picha anageuka upande wa mlango wa kanisa. Akiapa, anatazama mlango. Akikata keki, anatazama mlango. Nilishindwa kuelewa. Nilitaka kuzitoa hizo sehemu zote."

"Kanda zake ziko wapi?"

"Njiru alizirekodia harusi zingine. Kanda ni ghali. Imebaki kwa diski peke yake, na harusi moja inajaza diski yote. Jana tulikuwa tumfute, tuweke harusi ya kesho."

"Nani alijua mnamfuta?"

Antony alikunja uso. "Hakuna. Njiru alisema tu pale mlangoni, akienda benki. Alisema kwa sauti, unamjua. 'Tukirudi, huyo bibi harusi wa dirishani tunamfuta.'"

Karwirwa alikwisha simama.

Salesio, mlinzi wa jengo, alikuwa ameketi barazani mahali pake pa kila siku, hatua chache kutoka dirisha la studio. Alikuwa mzee mwenye koti zito na msimamo mzito zaidi.

"Jana nilikwambia, madam. Hakuna mtu alipita na kompyuta."

"Sijauliza kompyuta. Saa ya lanchi, nani alipita hapa?"

"Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ni mama wa kuni tu."

Runji alikohoa. Karwirwa alimnyamazisha kwa mkono.

"Mama wa kuni ni nani?"

"Ni mama tu, wa huko Siakago. Huja na lori la makaa siku ya soko, anauzia hoteli. Kwanza husimama hapa dirishani kutazama sinema, tena husimama sana, halafu anaenda zake. Jana aliketi na mzigo wake asubuhi yote. Halafu akaniomba nimwinulie mgongoni."

"Ukamwinulia?"

"Ningemwacha? Nimelelewa, madam. Na ulikuwa mzito! Gunia, na kuni juu yake. Kuni mbichi hizo."

"Akaelekea hotelini?"

"Hapana. Akaelekea kwa lori. Alikuwa anarudi nyumbani."

Karwirwa alijikuta ameshika paji la uso. Chini ya nywele, palepale penye bonde dogo ambalo kofia ya polisi ililificha kila siku. Lilichorwa na kamba ya kubebea kuni akiwa msichana, na kila mwanamke wa umri wake kutoka miteremko ile alikuwa na lake. Alijua mzigo wa kuni unakotoka na unakokwenda. Uongo wa Antony ulikuwa umemwambia tangu jana kwamba hoteli imekosa kuni, naye hakusikia.

"Salesio," alisema polepole, "tangu uzaliwe, umewahi kuona kuni zikitoka Embu zikienda Siakago?"

Salesio alifungua mdomo. Akaufunga. Kisha akaivua kofia yake na kuiweka magotini.

"Woi," alisema. "Na ni mimi nilimwinulia."

Huko chini Siakago nyasi zilikuwa kavu na mbuzi walisimama katikati ya njia kama wenye njia. Walipomuuliza mwenye duka mmoja juu ya mama anayepeleka kuni Embu, aliwaonyesha boma la Ciakuthii, mama yake Wambeti.

Walimkuta ameketi ndani, mlango wazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, paji lake lina bonde refu kuliko la Inspekta. Mbele yake, juu ya kigoda, monita ilikuwa imefunikwa leso safi, na waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa katani. Katika boma zima hapakuwa na stima, hata taa moja ya umeme.

"Karibuni," alisema. "Nilijua mtakuja."

Karwirwa alimsalimu kwa Kimeru, naye akaitikia kwa Kimbeere, wakaelewana.

"Mama, ni wewe uliyechukua hii?"

"Ni mimi."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Niliugusa ukafunguka."

"Kwa nini hukumwambia Njiru kwamba huyu ni binti yako? Angekuachia."

Ciakuthii alitazama mikono yake.

"Angeniuliza nilikuwa wapi siku ya harusi. Kwa hiyo picha kuna watu wote. Shangazi wamo, majirani wamo. Mimi simo."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimeketi hapa hapa. Bwana harusi na watu wake walikuwa hawajaleta mbuzi wa kwanza wa mahari. Nikasema sitakanyaga kanisani mpaka mbuzi wafike. Wambeti alikuja akanipigia magoti hapo ulipo. Akasema, 'Mama, njoo tu, mbuzi watakuja.' Nikamwambia atangulie." Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Mbuzi! Madam, uliwaona huko nje? Si ndio hao. Waliletwa baadaye. Na mimi nilimwona mtoto wangu tena akiwa kwa sanduku."

Runji alitoka nje, akasimama na mbuzi.

"Siku moja nilikuwa napita na kuni," Ciakuthii aliendelea, "nikamkuta dirishani anacheza. Mzima. Nikawa naja kila siku ya soko. Jana nikasikia yule mtu mnene akisema wakirudi wanamfuta. Ningefanya nini? Nikamtoa."

"Na ukamleta hapa."

"Nikamleta. Lakini amekataa kutoka." Aliinua leso. Kioo kilikuwa cheusi. "Namtazama, naona mimi peke yangu."

Karwirwa alikuwa amesikia maungamo mengi, na mengi yalimwacha na njaa ya chakula cha mchana. Hili lilimuuma. Alichuchumaa.

"Mama, Wambeti hayuko humu. Hiki ni cha kutazamia tu. Picha ziko kwenye lile sanduku la chini ya meza."

Uso wa Ciakuthii ulipauka kama majivu. "Niliacha sanduku. Basi wamemfuta."

"Hawakuweza," alisema Karwirwa, na yeye mwenyewe akaielewa kesi yake akiwa anaisema. "Bila kioo hawaoni cha kufuta. Uliiba kitu kisichokuwa chenyewe, na ndicho kilichomwokoa."

Ilibidi amkamate. Sheria haina kifungu cha mama. Lakini kwenye gari alimkalisha mbele, na monita akaishika Runji kwenye magoti, ikiwa imefunikwa leso, ikimfika puani.

Antony aliachiliwa mchana huo, na Karwirwa akampeleka Ciakuthii studioni pia. Kazi yake ya kwanza akiwa huru ilikuwa kurudisha monita mezani na kuunganisha nyaya, Njiru akiwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, tayari kugomba. Alikuwa amesikia habari ya Kithaka na bado hajaamua aanzie nani.

Kioo kikawaka. Sanduku likasoma diski kwa mkwaruzo mrefu. Kisha kanisa likatokea, na maua ya karatasi, na Wambeti katika gauni jeupe. Safari hii spika ziliwashwa. Ciakuthii, ambaye siku zote alikuwa amemwona kupitia kioo cha dirisha bila sauti, alimsikia binti yake akiapa.

Katikati ya kiapo, Wambeti aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Akarudi kwa padri. Akageuka tena.

"Ndiyo hizo sehemu," Antony alisema kwa sauti ya chini. "Sijui alikuwa anamtafuta nani."

Kisha akamwona Ciakuthii, akajua, akatamani kuirudisha sauti yake mdomoni.

Njiru alishusha mikono yake. Alitazama picha, akamtazama mama, akatazama tena picha.

"Ya kesho tutaunganisha kwa deki mbili, kama zamani," alisema. "Na hii usiikate, Antony. Hata kidogo. Mwekee kwa kanda, na mlango uwe mwingi." Akamgeukia Inspekta. "Nataka kuondoa mashtaka. Nitaandika wapi?"

"Tutaandika baadaye," alisema Karwirwa.

Ciakuthii alikuwa amesogeza kiti karibu.

"Rudisha hapo," alimwambia Antony. "Hapo anapotazama mlango."

Antony akarudisha. Wambeti akageuka tena, macho yake yakipita juu ya vichwa vya watu wote, yakitafuta.

"Nimekuja," alisema mama yake.