Kona ya Mlango wa Fundi Rashidi

Kila Jumamosi Hetvi humaliza kufagia mbele ya duka la baba yake, pale Gongoni, kisha hushika njia ya klabu ya kompyuta shuleni. Jumamosi hii alikimbia nusura kiatu kimtoke. Mwalimu Mektilda alikuwa amemkabidhi kazi iliyotamaniwa na klabu nzima: kusafisha kwenye kompyuta umbo la mlango wa nakshi wa nyumba iliyolaza wasafiri wa misafara ya zamani.

Wanaklabu waliupiga mlango ule picha mia mbili kwa simu, kompyuta ikaziunga kuwa umbo moja la vipembetatu vidogo, linalogeuzwa upande wowote. Picha zenyewe zilishafutwa simuni. Hetvi aliandika mistari michache ya Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, na kisanduku kikatokea kuuzunguka mlango. Ukivuta ubavu wake kwa kipanya, kila kinachobaki nje hutoweka papo hapo. Akavuta, baiskeli ya jirani iliyonaswa pichani ikaenda. Akavuta tena, ndoo nayo kwaheri. Raha iliyoje! Kona ya chini iliyoliwa na mchwa ilimkera, akaikata pia. Akahifadhi kazi juu ya faili la mwanzo, akajiona bingwa.

Mara akaingia Fundi Rashidi, seremala wa Ng'ambo anayeukarabati mlango ule. Baada ya shikamoo na marahaba, alieleza kwamba alipoung'oa mlango, kona ya chini ilimmomonyokea mikononi. Atachonga nyingine kwa kuiga umbo la kwenye kompyuta.

"Nionyesheni maua yake," alisema.

Hetvi aliitazama nafasi tupu ya ile kona. Vedasto, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza azime mashine, wasingizie umeme. Kidole cha Hetvi kilishafika kwenye kitufe. Akamtazama fundi, aibu ikamshinda.

"Mwalimu, kona nimeikata mimi. Nimehifadhi juu ya faili la mwanzo."

"Programu umeifunga?"

"Bado."

"Basi usiguse kitu."

Mwalimu aliwaeleza kuwa kukata huzaa umbo jipya, na lile zima hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta mpaka programu ifungwe. Akaandika mstari mmoja tu. Mlango ukarudi mzima, kona na maua yake. Fundi Rashidi alicheka kwa furaha, akaanza kuhesabu petali kwa kidole. Hetvi alitaka kuruka.

"Ungezima ili ujifiche, kona hii tungeipoteza moja kwa moja," alisema mwalimu. "Umekiri wakati kosa bado linatengenezeka. Fanya hivyo siku zote, mwanangu. Haya, ihifadhi sasa, kwa jina jingine."