Waonjaji Wasiokuwepo

Ukelele wa Mashavu ulisikika hadi barabara ya lami, na kabla haujakatika waonjaji wote wa bia walikuwa wameshapita nyuma na kuruka uzio. Kila mmoja alidhani mke wake ndiye aliyefika.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri. Koplo Mwatumu wa kituo cha polisi Kibiti alipofika kwenye kile kiwanda kidogo cha bia, njia ya kwenda Mchukwi, alikuta viti vimepinduka, bilauri zimeachwa nusu nusu, na kandambili moja ya mguu wa kushoto imenasa kwenye makuti ya uzio. Binadamu alikuwepo mmoja tu. Mashavu, mwenye kiwanda, alikuwa ameketi sakafuni stoo, mbele ya friji lililo wazi.

Mwatumu hakuwa na siku njema. Tangu alfajiri tumbo lilimlalamikia, kwa sababu vitumbua vya Bi Maimuna, ambavyo kituo kizima kilivitegemea kwa chai, wiki hiyo vilikuwa vimelala bapa na vigumu, mtu unatafuna mpaka taya zinauma. Isitoshe, maishani mwake hakuwahi kuonja pombe, na harufu yake tu ilimuumiza kichwa. Lakini kazi ni kazi.

"Wamekuibia nini, dada?"

"Roho yangu, afande."

"Roho ingekuwa imeibwa usingenijibu. Nitajie kitu."

"Chachu," alisema Mashavu, na machozi yakamtoka. "Mtungi wa kioo, wenye mfuniko mwekundu. Ndani kuna kitu kizito cheupe, kama uji uliosahauliwa. Hicho ndicho kinachoumua bia zangu zote."

Mwatumu alichungulia frijini. Chupa za bia zilikuwa zimejipanga, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Yaani mwizi kaacha bia kachukua uji?"

"Bia nitatengeneza nyingine! Ile chachu niliitoa kwenye maganda ya mabibo ya marehemu bibi yangu, nikailisha na kuilea miaka yote hii. Mikorosho yenyewe ilishakatwa. Nilikuwa na mtungi wa pili, ukafa juzi umeme ulipokatika. Huu ndio uliobaki duniani, afande. Usipopatikana nafunga mlango, na bibi yangu ndiyo kafa mara ya pili."

Hapo Mwatumu aliacha kufikiria tumbo lake. Alivuta kiti akakaa.

"Mtungi uliuona mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa nane, tulipokuwa tunaanza. Nikafunga friji, nikatoka barazani kuwahudumia watu. Nimerudi saa tisa na nusu, sikuukuta."

"Nani aliingia stoo?"

"Yeyote angeweza kuingia. Choo kiko huku nyuma."

"Walikuwa akina nani?"

Mashavu alijifuta pua. "Wenyewe unawajua watu wetu. Mmoja kajifunga kilemba mpaka machoni. Wengine wamekuja na barakoa, wanaishusha kidogo, wanapiga funda, wanaipandisha. Niliyemtambua kwa hakika ni Ismaily mgema, kwa sababu alikuja kunigombeza. Anasema wateja wake wa tembo la mnazi nimewanyang'anya."

Mwatumu alizunguka kule ndani polepole. Aproni nne mpya zilining'inia ukutani, bado zina mikunjo ya pasi. Mashavu alisema Azan, fundi cherehani, alizileta asubuhi, akasimama kidogo kumsikiliza akijisifia chachu yake kwa wasaidizi wake wa asubuhi, kisha akaenda zake. Kando ya aproni kulikuwa na ubao wenye majina ya bia tatu za siku hiyo: ya ukwaju, ya mchaichai, na ya embe na pilipili.

"Embe na pilipili," Mwatumu alisoma, uso umemkunjamana. "Watu mna vituko."

"Ubao huo wa zamani, nimebanwa na kazi hata sijaufuta. Embe zilinifikia zimeoza, nikatia mabungo. Wameisifu hiyo mpaka mmoja akaanza kuimba."

Mwatumu akashika njia kwenda mjini. Wa kwanza alikuwa Ismaily, aliyekuwa ameketi nyuma ya madumu yake ya tembo la mnazi na shavu limemtuna. Alikuwa akitafuna kitu kwa bidii.

"Leo mchana ulikuwa wapi, mzee Ismaily?"

"Hapa hapa. Sijanyanyua mguu."

"Kwa Mashavu hukufika?"

"Mie? Kwa kile kijitu kinachouza maji ya matunda kwa jina la bia? Sikufika na sitafika. Na ile ya bungo mwambie kazidisha ukali, utamu wote umepotea."

"Umejuaje ina bungo?"

Ismaily aliacha kutafuna. Harufu ya karafuu ikamjia Mwatumu puani, kali, ya mtu aliyetia konzi nzima mdomoni.

"Watu wanasema," akanong'ona mgema. "Afande, mke wangu yupo ndani. Nakuomba."

Huyu alikuwa na sababu, alikuwa na hasira, na chachu aliijua thamani yake kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi kwa vitu vinavyochacha. Mwatumu aliinua vifuniko vya madumu yote, kimoja kimoja. Alikuta tembo tu, na nzi wawili waliokufa kwa furaha. Hakupata ushahidi, ila hakumfuta kichwani.

Wa pili alimkuta njiani bila kumtafuta. Mwalimu Hemedy alikuwa akitembea kwa heshima zake zote, vitabu kwapani, kandambili mguu wa kulia na wa kushoto peku.

"Mwalimu, kiatu kingine?"

"Mbwa," alijibu Hemedy bila kusita.

"Mbwa huyo alikukimbiza mpaka ukaruka uzio wa Mashavu?"

Mwalimu alitazama mbele, akatazama nyuma, akajikohoza. Karafuu tena, safari hii zimechanganywa na iliki. "Afande, mimi ni mtu wa kupigiwa mfano. Sikuwepo. Sijui lolote kuhusu tukio, wala kuhusu bungo, wala pilipili."

"Mwalimu, nani kakuuliza habari za bungo?"

Hemedy alifumba macho kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu mkononi. Basi akamwaga yote: alikaa kiti cha pembeni, alikunywa bilauri tatu, ndiye aliyeimba, na hakuona mtu akitoka na mtungi. Aliomba jambo moja tu, kwamba wimbo usiandikwe kwenye maelezo yake.

Ikawa hivyo kila Mwatumu alikopita. Muuza mkaa hakuwepo, naye ananuka karafuu. Kinyozi hakuwepo, naye anasifia bungo. Kwa Mrisho mwenye duka aliambiwa karafuu zimekwisha, wanaume wamezigombania tangu saa kumi, na yeye hajui kuna harusi gani ya kupikiwa pilau nyingi namna hiyo. Mwatumu alitamani kucheka akajizuia. Mji mzima ulikuwa umeonja bia na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwepo.

Saa kumi na moja na dakika chache alifika kwa Azan. Fundi alikuwa barazani kwenye cherehani yake, wateja watatu wakimsubiri. Mmoja wao, mama mnene mwenye kanga ya kijani, alikuwa akila kitumbua.

"Azan, mdogo wangu, leo mchana..."

"Nilikuwepo, afande!" Azan alisimama, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Sifichi. Kwa Mashavu nilikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho, sikubanduka kitini. Nimekunywa zote tatu. Ile ya embe na pilipili ndiyo iliyonichoma koo hasa. Andika, afande!"

Wateja wakapigwa na butwaa. Mama wa kanga ya kijani alimtajataja Mungu.

Mwatumu alifungua kijitabu, kisha akakifunga bila kuandika neno. Alimsogelea Azan mpaka pua kwa pua. Hakusikia karafuu, hakusikia iliki, hakusikia bia. Alisikia mswaki na chai ya tangawizi.

"Azan, weye si mkwe wa Bi Maimuna?"

"Ndiye mimi."

"Bi Maimuna huyu huyu anayesimama sokoni kila Ijumaa kusema kile kiwanda kifungwe?"

"Huyo huyo," alisema Azan, na sauti ikaanza kumpungua.

"Nimezunguka Kibiti alasiri nzima. Wanaume wenye ndevu wamenidanganya kwa kiapo ili wake zao wasijue. Mwalimu kamsingizia mbwa. Weye, ambaye mama mkwe wako angekufukuza kwa kunusa kizibo tu, unanikiria ulevi mbele ya wateja, wala sijamaliza kuuliza. Mtu wa hapa hakubali aibu ya namna hiyo ila awe anaficha kubwa kuliko hiyo."

"Afande, ukweli ni ukweli..."

"Na ile ya embe ilikuchoma koo?"

"Ilinichoma sana."

"Haikuwa na embe. Ilikuwa bungo, na kila asiyekuwepo analijua hilo. Embe ipo ubaoni tu, na ubao uliusoma asubuhi ulipopeleka aproni."

Azan alikaa. Cherehani ikazunguka yenyewe mara moja, tiki, ikanyamaza.

Mwatumu alikuwa ameshamgeukia mama wa kanga ya kijani, maana jicho lake lilikuwa limeganda kwenye kile kitumbua. Kilikuwa kimeumuka, kimevimba, chepesi, kina matundu matundu ndani.

"Mama, hicho umekipata wapi?"

"Kwa Bi Maimuna, mwanangu. Anapikia harusi ya leo. Wiki nzima alikuwa anatulisha mawe, leo sijui kapata nini!"

"Azan," alisema Mwatumu kwa sauti ya chini, "chachu ya watu umeipeleka wapi?"

Fundi alianza kulia, na maneno yakatoka pamoja na machozi. Yeye ndiye aliyemnunulia mama mkwe hamira, na hamira ilikuwa mfu. Vitumbua vikagoma. Bi Maimuna alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamume asiyejua kununua hamira hajui kutunza mke, na vitumbua vya harusi vikilala tena, mkewe Hafidha atarudi kwao. Asubuhi ile alimsikia Mashavu akisema kijiko kimoja cha chachu yake huumua unga mpaka ukainua mfuniko wa sufuria. Wakati watu wanaonja barazani, akapitia nyuma. Alitaka kikombe tu. Akasikia mtu anakuja chooni, akakumbatia mtungi mzima akakimbia, na kwa hofu kwamba ameonekana akaona heri aitwe mlevi kuliko mwizi.

"Mama anajua?"

"Nimemwambia ni hamira ya maji kutoka Dar. Kaimimina yote kwenye unga wa vitumbua. Afande, mie nampenda mke wangu!"

Mwatumu alimwamini, ila huruma ingesubiri. Alimpigia simu Mashavu, akamshika Azan mkono, na wote wawili wakakimbia.

Uani kwa Bi Maimuna mafuta yalikuwa yakichemka kwenye vikaango, na masinia ya vitumbua yalipangana hadi mlangoni. Mwenyewe aliketi kwenye kigoda, mkono mmoja una upawa, akikwangua sehemu ya chini ya sufuria kubwa.

"Mama, simama!" Azan alipiga kelele.

"Kafa nani?"

"Weka upawa chini, Bi Maimuna," alisema Mwatumu. "Huo uji ni kidhibiti."

Mashavu aliingia mbio akihema, akaiona sufuria, akapiga magoti. Azan alisema yote, kichwa chini, hakuacha hata aproni.

"Umenitilia pombe kwenye vitumbua vya harusi," alisema Bi Maimuna polepole. "Na shehe keshapelekewa sinia."

"Si pombe, Bi," Mashavu alimjibu. "Ni chachu. Hailevyi mtu, inaumua tu. Na mnisamehe, kabla ya hamira za paketi, mama zetu mkate wa kumimina waliuumua kwa kitu gani?"

Bi Maimuna aliuweka upawa pembeni. Kila mtu wa umri wake pwani ile alijua jibu. Lilikuwa tembo la mnazi.

"Hayo hatuyasemi mbele ya polisi," alisema hatimaye, akamsukumia Mashavu sufuria.

Kilichobaki hakikujaza hata kikombe. Mashavu alikikwangua chote kwa kidole, akakitia kwenye glasi, akaongeza maji ya vuguvugu na sukari, akaiweka chini. Wakangoja. Uji ulitulia kimya, mweupe, hauna dalili ya kitu. Mashavu aliinama, akaitazama glasi kwa karibu.

"Imekufa," alisema. "Bibi yangu wee, imekufa."

"Nyamaza, mtoto," alisema Bi Maimuna. Alivua mtandio wake, akaizungushia glasi, akaisogeza karibu na jiko, akaipima joto kwa mkono, akairudisha nyuma kidogo. Kisha akateremka kutoka kwenye kigoda chake, akaketi mkekani bega kwa bega na mtu ambaye hawakuwahi kupeana salamu. Vitumbua viwili vikaungua kikaangoni na hakuna aliyevijali.

Bi Maimuna ndiye aliyeona wa kwanza. Pembeni mwa glasi kijipovu kilipanda, kikapasuka. Kikaja kingine, kisha vitatu kwa pamoja.

"Alhamdulillahi!" alipiga kelele, akamkumbatia Mashavu, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka.

Mwatumu aliwaacha wapumue. Halafu akauliza, kwa kuwa kazi ilimtaka aulize, "Dada Mashavu, huyu mkwe wa watu unamshtaki?"

Mashavu alimtazama Azan, aliyekuwa amesimama kwenye kona na futi yake shingoni. Kabla hajajibu, Bi Maimuna aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe safi cha udongo chenye kisahani cha kufunikia. Alikiweka kando ya glasi.

"Nusu nitilie humu," alisema. "Umeme ukikatika tena kwako, utaikuta kwangu."

Mashavu alimtikisia Mwatumu kichwa kuwa hashtaki, akamimina taratibu hadi nusu kamili.