Mashine ya Kumwagilia Mwarobaini

Kila kipindi cha hisabati kilipokaribia, Sabiha alikuwa wa kwanza kushika ndoo. Miche ya mwarobaini iliyoizunguka shule yao ya Kizota haikuwahi kupata mtu wa kuimwagilia kwa bidii kama yeye, na walimu walimsifu. Hawakujua kuwa alikuwa anakimbia namba. Akisimamishwa mbele ya ubao, viganja humlowa jasho, na hata jedwali la kuzidisha alilolala akilikariri humtoka kichwani kama vumbi la Dodoma mbele ya upepo.

Mwalimu Anyesi ndiye aliyemgundua, wala hakumkaripia. Aliazima runinga na deki ya video, akawaonyesha darasa la sita kanda ya mashine inayojiendesha kwa namba inazopewa. Asiyeelewa aliruhusiwa kusema "rudisha", na kanda ikarudishwa. Mara ya kwanza Sabiha alilisema neno hilo kwa kunong'ona. Hakuna aliyecheka, maana nusu ya darasa walitamani kulisema.

Kisha wakaunda mashine yao. Shaibu, baba yake Sabiha, fundi redio, aliwapa mota ya redio kaseti mbovu. Magurudumu waliyakata kwenye kandambili kuukuu. Uzi wenye mafundo ulijiviringisha kwenye ekseli, ile fimbo inayoshika magurudumu, fundo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ukiisha, unavuta swichi, mashine inasimama na kumwaga kikombe cha maji. Sabiha alipewa kazi ya kupiga hesabu ya mafundo kwa ajili ya siku ya wazazi. Mche wa kumwagiliwa ulikuwa mita sita kutoka mstari wa kuanzia.

Hofu ikamrudia. Akachungulia daftari la Joel, aliyeketi naye dawati moja na aliyekwisha kuipiga hesabu hiyo, akaandika: thelathini.

Asubuhi ya siku yenyewe magurudumu yalizama mchangani, wavulana wakabandika makubwa zaidi. Sabiha aliwaona, lakini uzi akauacha na mafundo yaleyale thelathini. Namba haikuwa yake, angeigusaje?

Mashine ikaondoka ikinguruma, akina mama wakapiga vigelegele. Ikaupita mche. Ikaenda hadi benchi la wageni, ikamwagia maji viatu vya Mzee Matonya, mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Nilijua mnapanda miti," mzee akasema, "sikujua kuwa na mimi ni mche."

Watu wakaangua kicheko. Ndoo ilikuwa palepale miguuni pa Sabiha. Aliitazama, kisha akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, hesabu ile si yangu. Nilinakili kwa Joel. Na magurudumu yamebadilishwa."

"Sasa?"

"Naomba kurudisha."

Akalizungushia gurudumu uzi, akaupima kwa rula: sentimeta thelathini. Viganja vilimlowa kama kawaida yake, safari hii akaviacha vilowe. Mita sita ni sentimeta mia sita. Akagawanya mchangani kwa kidole, akafuta, akagawanya tena.

"Ishirini," akasema, akaukata uzi kwenye fundo la ishirini.

Mashine ikaenda, ikasimama, ikainamisha kikombe shinani mwa mwarobaini. Shaibu alimwambia kila aliyekuwa karibu, hata majirani zake, kuwa yule ni binti yake.

Mwalimu Anyesi akamshika bega Sabiha.

"Jibu la Joel lilikuwa sahihi kwa gurudumu la jana. Jibu la kuazima halijui kilichobadilika. Aliyepiga hesabu mwenyewe ndiye anayejua pa kurudi. Kuogopa si kosa, mwanangu, kosa ni kukimbia. Na ndoo uiache. Kuanzia kesho, kipindi cha hisabati, miche itamwagiliwa na mashine."