Mkono wa Marehemu Mniko

Nimevuka mipaka mingi na kulala kwenye viwanja vya ndege vya watu, lakini asubuhi ile, pale Kamunyonge, niliamkia nguo. Nilipofika kwa dada yangu Miriamu niliona mkono ukinipungia kwenye kamba ya kuanikia. Miwani sikuvaa. Nikainama kwa adabu zote: "Shikamoo!"

Miriamu akacheka mpaka akashika mlango. "Mzungu wetu huyo! Anaamkia nguo mbichi!"

Ulikuwa ule mkono wa roboti niliomletea kaka yetu Mniko alipopata kiharusi. Nguo laini tupu, mpaka glovu ya vidole, ndani mifuko ya hewa. Msuli ukijaribu kidogo, wenyewe unamalizia kunyanyua, na unajifunza tabia za anayeuvaa. Nami nilicheka, mpaka nilipopapasa mfukoni. Betri nilikuwa nayo mimi, natoka kuifuata kwa fundi kule Manyamanyama. Nikalaumu upepo. Majani ya mpapai yalikuwa yametulia tuli.

Mniko tulimzika Butiama. Siku ya kugawa nguo zake, wazee walimpa huyu koti, yule kofia. Mkono wakampa Miriamu, maana presha ya ukoo wetu haibagui. Naye amepooza upande wa kulia. Nilijaribu kueleza kwamba kifaa kile hufutwa kumbukumbu kwanza. Mzee Masatu akanikata: "Nguo ni nguo."

Basi nikaweka betri, nikamvalisha. Pampu ikavuma kama nyuki. Mkono ukapanda. Miriamu akachana nywele zake mwenyewe, akatokwa machozi, akachana tena. Tangu augue alikuwa anachanwa kama mtoto.

Hapo akaingia wifi yake Gaudensia, mjane wa Mniko, na kikombe cha uji.

Mkono ukakisukuma.

"Samahani wifi," Miriamu akanong'ona. "Si mimi."

Nikakichukua mimi kile kikombe, nikampa. Mkono ukapokea. Gaudensia akakichukua, akampa. Ukasukuma. Nikamkumbuka Mniko siku zake za mwisho, alivyokuwa anaukataa uji wa mkewe, na sisi kwenye simu tunasema, wagonjwa bwana, wanadekaga.

Nikachomoa betri. Pampu ikanyamaza.

Mkono haukushuka.

Ulinyooka. Polepole. Ukamkamata Gaudensia kifundo cha mkono.

Hakupiga kelele. Alinitazama mimi. "Nilichoka kumuuguza, shemeji," akanong'ona. "Nyie mlikuwaga mnapiga simu tu."

Ulipomwachia, ngozi yake ilibaki na alama. Dole gumba. Vidole vitatu. Na kipande cha kimoja. Mniko alikatwaga kidole na panga akiwa kijana. Vya Miriamu vimetimia vyote.

Gaudensia akatoka bila viatu.

Nikatafuta kiberiti kwa mikono yangu mizima. "Vua, dada. Tuuchome."

Miriamu akaokota kitana kwa mkono uleule, bila betri, akaendelea kuchana.

"Choma wa kwako."