Ukuta wa Chumba cha Mama

Mama hakuwa akisikia. Ungeweza kuangusha sufuria nyuma ya kisogo chake asigeuke. Ndiyo maana alipolalamika asubuhi kwamba kuna mtu anakwaruza ukutani, binti yake alibaki ameshika kikombe cha chai, asijue acheke au aogope.

"Ukuta upi, mama?" alipaza sauti, kisha akauonyesha kwa kidole, maana swali halikufika.

"Huu wa kitandani. Mwambieni aache, watu tunataka kulala."

Nyumba ilikuwa bado ngeni kwao. Binti, ambaye kazi yake ni kushona mapazia, aliinunua pamoja na kaka yake ili mama apate chumba chenye jua na choo cha karibu. Cherehani ilikaa sebuleni, mama alikaa chumba cha nyuma, na kaka, karani wa ghala, alirudi jioni. Kaka ndiye aliyezunguka na mkaguzi wa majengo kabla hawajanunua, na tangu siku hiyo alikuwa amedonoa maneno ya ukaguzi kama kuku anavyodonoa mtama.

Jioni binti alimpeleka chumbani. Ufa mwembamba ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi karibu na mto wa mama.

"Nyumba inakaa, dada," kaka alisema. "Nyumba yoyote hukaa. Udongo unashuka kidogo, plasta inapasuka. Mkaguzi aliuona. Kasoro ndogo."

"Mama amesikia kitu humo."

"Mama?" Kaka alicheka. "Mama hasikii hata honi ya lori."

"Si ndicho ninachokuambia?"

Lakini kaka alishaondoka kwenda kuoga.

Baadaye ikaja harufu, kama ya maji ya chombo cha maua kilichosahaulika na maua yake, na pembeni mwa ufa likatokea doa la unyevu.

"Unyevu wa kupanda," kaka alisema, hata mkoba hajauweka chini. "Maji ya ardhini yanapanda ukutani. Kawaida."

"Yanapanda vipi, na huku chini ni kukavu, huko juu ndiko kulikolowa?"

"Sasa mimi ni fundi?"

Binti alikata uzi kwa meno. Kila alichouliza kilikuwa na jina, na kila jina lilimfunga mdomo. Ilikuwa kama kumwambia mtu unaumwa, naye akujibu kwamba hali hiyo inaitwa ugonjwa.

Alasiri moja alisimamisha cherehani ili abadilishe sindano, na katika ule ukimya akasikia mama akizungumza. Alikwenda polepole. Mama alikuwa amelala ubavu, midomo karibu na ufa, akisema neno, akinyamaza kama anayesikiliza, akitikisa kichwa, akicheka kwa sauti ndogo ya kisichana ambayo binti hakuwahi kuisikia maishani mwake. Chakula cha mchana kilikuwa hakijaguswa. Nje hapakuwa na upepo, lakini pazia la dirisha, alilolishona kwa mkono wake na kulipima lining'inie wima, lilivutwa kuelekea ukutani, likaachiwa, likavutwa tena, taratibu, kama linafuata pumzi za mtu.

"Mama, mbona hujala?"

Mama aligeuka. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa unga wa plasta.

"Nimeshakula," alisema.

Siku hiyo binti hakumngoja kaka. Alimpigia mkaguzi simu yeye mwenyewe, naye mkaguzi akaja na ngazi yake na timazi ya kupimia wima wa ukuta.

"Kabla hujapanda," binti alimwambia, "nieleze. Kasoro ndogo maana yake nini?"

Mkaguzi alikuna shingo. "Maana yake si sababu ya kuacha kununua, dada. Haina maana kwamba haitakusumbua."

"Kaka yangu alijua hivyo?"

"Hakuuliza. Alikuwa akiitikia tu."

Mkaguzi akamweleza kwamba nyufa ni za aina mbili: ufa mfu, uliopasuka zamani ukatulia, na ufa hai, ambao bado unatembea. Alibandika kiraka cha jasi juu ya ufa. Kikipasuka, alisema, watajua ufa unaishi.

"Tuuvunje ukuta wote basi."

"Huo ni ukuta wa kubeba. Umelishika paa. Ukiuvunja, nyumba inakuja chini."

Alirudi baada ya juma. Kiraka kilikuwa kizima. Ufa ndio uliokuwa umepinda, ukakizunguka kama mtu anavyokizunguka kinyesi njiani, kisha ukaendelea na safari yake hadi usawa wa sikio la mama. Mkaguzi aliutazama muda mrefu. Akaugonga ukuta kwa kiungo cha kidole, mara mbili. Ukuta ukagonga mara mbili.

"Anakuiga," mama alisema, akitabasamu.

Mkaguzi alianza kukusanya vifaa vyake. "Dada, nina neno la ufa na nina neno la unyevu," alisema kwa sauti ya chini. "La hiki sina."

Binti alitaka kumkumbatia, na papo hapo alitaka kumpiga na ile ngazi.

Kaka aliposikia ataitwa mganga alikunja uso. "Tumefika huko?"

"Wewe una jina lake?"



Mganga alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno. Alinusa hewa mlangoni, akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka na kukifuta kwenye kanga.

"Ni jini," alisema. "Ila hajavamia, amekaribishwa. Mimi nitamfungulia njia tu. Wa kumwambia aende ni huyu bibi aliyemkaribisha."

"Bibi mwenyewe hasikii," kaka alisema.

"Huyu anamsikia."

Kaka akainama akapiga kelele sikioni mwa mama, amwambie aende, amfukuze, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo plasta ilivyotunishwa kutoka ndani kama nguo juu ya goti, na ile harufu ya maua yaliyooza ikawajaa kooni, na pazia likanyooka lote kuelekea ukutani likabaki hivyo, na kutoka ndani ya ufa ikaja sauti ambayo sasa waliisikia wote, sauti laini, ya mtu asiye na haraka, ikimuuliza mama alilalaje, aliota nini, na yule rafiki yake wa utotoni aliyezama kisimani alikuwa akivaa nguo ya rangi gani.

"Kijani," mama alijibu.

Binti alipiga magoti kati ya kitanda na ukuta, uso wake penye mwanga ili mama aione midomo yake.

"Mama. Mwambie aende."

"Aende wapi? Huyu ananiuliza habari zangu. Nyie mnanipigia kelele tu: kula, lala, geuka."

"Nitakuuliza mimi."

"Wewe una mapazia."

Ukuta ulicheka. Hasira zilimpanda binti, juu ya kaka, juu ya mkaguzi, juu ya nyumba, juu ya mama, na zilizouma zaidi zilikuwa juu ya nafsi yake, kwa sababu mama hakusema uongo. Akaegemeza mgongo ukutani. Ubaridi ulipenya nguo, na kitu kikamwekea vidole begani, kimoja baada ya kingine. Hakugeuka. Wala hakupaza sauti.

"Umelalaje leo, mama?"

Mama aliitazama midomo yake kwa muda mrefu.

"Vibaya," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Hanyamazi usiku. Hata nikimwomba hanyamazi." Kisha akautazama ukuta juu ya bega la binti yake. "Nenda. Mwanangu yupo."

Mganga alisukuma dirisha. Vile vidole vikaachia. Ufa ulichanika hadi darini kwa mlio wa kitambaa kipya, upepo ukatoka ndani kwenda nje ukiling'oa pazia na fimbo yake, vumbi likawamwagikia wote. Paa lilishika.

Kaka alichukua ufagio akafagia, na hakuwa na neno lolote la kukiita kile alichokuwa akifagia.

Mama alianza kula, lakini hakuzungumza. Alikuwa akiutazama ukuta kama mtu anavyoutazama mlango alimopita rafiki akiondoka baada ya kugombana naye. Binti alikwenda kukaa naye kila alasiri, na haikuwa rahisi. Kila neno alilisema mara tatu, wateja walinung'unika mapazia yanachelewa, na zipo siku alitoka chumbani akiwa amekunja ngumi kwa uchovu.

Alasiri moja mama aliweka kikombe chini.

"Yule alikuwa mwongo," alisema. "Kila usiku aliahidi kuniacha nilale. Lakini alikuwa akikaa nami."

Sebuleni mteja alikuwa akigonga mlango. Binti aliusikia. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Haya," alisema polepole. "Huyo rafiki yako wa kisimani. Nisimulie."

Mama akaanzia mbali, kabla hata mkasa wenyewe haujafika. Mlango ukagongwa tena, kisha ukanyamaza.