Mvinyo wa Rozela Uliomuumbua Dickson

—Usije Masasi, Oliva. Weka chupa kwenye basi, mimi nitazipokea.

—Kwa nini nisije? Si mvinyo wangu?

—Mpenzi, kwenye maonyesho kuna walevi wengi. Sitaki wakusumbue.

Oliva alimkatia Dickson simu, akacheka peke yake, kicheko kichungu kama shubiri. Asubuhi ile binamu yake Bibiana alimtumia picha: Dickson, mchumba wake wa miaka miwili, akimvisha pete msichana mwingine. Chini Bibiana alikuwa ameandika: "Dada, huyu ni Getrude wa hapa Masasi, ndiye anayemuoa. Na mvinyo wako Dickson anasema anautengeneza yeye."

Mvinyo ule mwekundu wa maua ya rozela Oliva aliutengeneza kwa mikono yake, nyumbani kwao Mkunya, Newala. Kazi ya Dickson ilikuwa kuuza na kubandika jina lake kwenye chupa.

"Sawa," Oliva akajisemea. "Atauonja."

Kulikuwa na dumu moja lililoingiwa na hewa, mvinyo wote ukageuka siki. Akaujaza kwenye chupa, akaziba vizuri, akazituma. Kesho yake naye akapanda basi, kikapuni ana chupa mbili za mvinyo mzima.

Alipoingia ukumbi wa maonyesho, Mama Isabela, mnunuzi wa hoteli moja ya Mtwara, alikuwa ameshika glasi ya Dickson. Getrude alisimama pembeni, pete inang'aa. Mama Isabela akapiga funda, akatema.

—Hii siki, kijana! Maua uliyakausha vipi?

—Nili... niliyachemsha, mama.

—Nimeuliza kukausha!



—Shikamoo, mama, Oliva akasogea. —Jaribu huu.

—Marahaba, mwanangu.

Mama Isabela aliinua glasi kwenye mwanga.

—Wekundu umekolea, na hauna tope. Harufu... karafuu?

—Mbili tu kwa dumu zima, mama. Na maua nayaanika kivulini. Jua kali linaleta uchungu.

Akanywa, akafumba macho.

—Uchachu unagusa pembeni mwa ulimi, unafuata ukakasi kidogo, halafu kooni unabaki utamu. Nani kautengeneza?

—Mimi. Hata ule uliousikia ni wa Dickson, ni wangu.

Getrude akageuka.

—Na wewe ni nani?

—Mchumba wake. Barua ya posa aliileta kwetu mwaka juzi.

—Mwongo! Dickson akaropoka. —Huyu kibarua wangu!

Neno hilo lilimchoma Oliva kuliko ile picha. Alimpa Getrude simu. Getrude akasoma kwa sauti ujumbe wa alfajiri ile:

"Mke wangu mtarajiwa, chupa nimezipata. Nakupenda wewe tu. Dickson wako."

Getrude alivua pete, akaitumbukiza kwenye glasi ya siki, akamsogezea Dickson.

—Kunywa.

Oliva alipokwisha kumwelekeza Mama Isabela kwao na kutoka, Dickson alimkimbilia hadi stendi.

—Umeniangamiza! Nisamehe, turudi kama zamani.

—Kibarua hana zamani na bosi wake. Nipishe.

Basi lilipopanda mlima kwenda Newala, Oliva alilia, maana alimpenda kweli yule mwanaume. Alipofika nyumbani macho yalikuwa yamekauka.

—Vipi, mwanangu? mama yake akauliza.

—Mama Isabela anakuja Jumatatu kuuona mvinyo.

—Na Dickson?

—Nimemwacha Masasi, mama. Anakunywa siki.